Nafasi Yako ni 2

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja niliporudi darasani, nikakalia benchi moja na vijana waliomaliza sekondari juzi, na mwalimu wetu alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimebeba mawe na simiti kwenye mijengo ya watu miaka tisa mpaka bega likateguka, na sasa nilikaa kwa adabu nikingoja msichana aliyevaa soksi na sandali aniambie kama nimepata au nimekosa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Hasira zenyewe sizitoi nje, nazimeza, na hizo za kumeza ndizo mbaya.

Darasa lilikuwa Kabiro, Kawangware, katika chumba cha mabati nyuma ya ploti ya baba yake mwalimu. Mzee alizaliwa hapo hapo, alikuwa na vyumba vya kupangisha na mbuzi wawili, na alimwachia binti yake chumba kimoja afundishe watu kompyuta bure mara tatu kwa wiki. Sote tulimwita Tichee. Mimi nilitoka Mashimoni, Kibera, kwa miguu, laptopu nimeificha ndani ya mfuko wa unga. Ilikuwa ya mitumba, bawaba zimekatika, kioo nimekifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu ili kisianguke nyuma.

Mashimoni nilipanga chumba kilichopakana na cha mdogo wake mama. Ukuta wetu ulikuwa bati moja. Yeye ndiye aliyenipokea nilipokuja kutoka nyumbani, upande wa ziwa, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujipikia chakula cha jioni. Nilimwita Aunti. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumzaa. Alichokuwa nacho ni ufunguo. Kikundi cha akina mama kilikuwa na kioski cha maji pale chini karibu na reli, na walimchagua yeye awe mshika ufunguo: kufungua bomba, kuita watu, kufunga. Kazi hiyo ndiyo iliyomlipia nyumba na kunilisha mimi. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi wa kiatu, hata kanisani.

Maji yalikuja Jumamosi, kuanzia asubuhi mpaka yajisikie kukatika. Na kwetu mtu hasimami kwenye foleni ya maji. Mtungi ndio husimama. Unauweka mtungi wako wa njano kungali mapema, unaenda zako kutafuta riziki, nao unakushikia nafasi. Kila mtungi una alama yake: kitambaa chekundu mkononi, tone la rangi ya kucha, kifuniko cha kijani. Aunti alizijua zote. Ungemwonyesha mtungi wowote, angekuambia ni wa nani na mwenyewe ana mingapi mingine. Shida ni kwamba mtu akiusukuma mtungi wako nyuma kwa mguu, mtungi hausemi, na wewe ukirudi ni vita. Karibu kila Jumamosi kulikuwa na vita. Ndipo nikaamua kwamba programu yangu ya kwanza itakuwa ya kumaliza vita vya maji.

Siku tuliyofundishwa fanksheni naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Fanksheni, kwa asiyejua, ni kipande cha programu ulichokipa jina na kazi moja. Unakiita, unakipa kitu, kinafanya kazi yake, kisha kinakurudishia jibu. Mimi nilitaka majibu mawili. Nikiipa fanksheni jina la mama fulani, iniambie yuko nafasi ya ngapi na ana mitungi mingapi. Nikaandika mstari wa kurudisha nafasi, na chini yake mstari wa kurudisha mitungi, return chini ya return. Nafasi ikaja. Mitungi haikuja. Nikabonyeza tena na tena, nikaanza kuilaani laptopu kwa lugha ya mama.

Tichee akasimama nyuma yangu. "Hiyo ya pili haitawahi fika," akasema. "Ukishareturn ya kwanza, umetoka. Chenye kiko chini hakuna mtu atakisoma."

"Lakini si nimeiandika," nikasema.

"Naona. Umeiandika poa sana."

Darasa likacheka. Akaniambia niende dirishani nimletee chaki na dasta. Nikaenda, nikarudi navyo.

"Umeenda mara ngapi?"

"Moja."

"Umeleta vitu ngapi?"

"Mbili."

"Basi ni hivyo tu. Return moja, mstari mmoja. Nafasi, koma, mitungi. Zinakuja pamoja." Kisha akafumba macho na kunyoosha mikono yote miwili. "Sasa nipee. Mkono wa kushoto unangoja chaki. Wa kulia unangoja dasta."

Nilikuwa nimekasirika. Masikio yalikuwa ya moto, na nilitaka tu kurudi kwenye benchi, kwa hiyo nikamtupia vitu mikononi bila kuangalia kipi kinaenda wapi. Akafumbua macho, akageukia ubao, na bila kutabasamu akaanza kuandika kwa dasta. Watu wakacheka mpaka mbuzi wa nje wakalia.

"Mnaona?" akasema. "Na kompyuta haitakuambia umekosea. Haijui chaki ni nini. Yenye imekuja ya kwanza inaenda kwa mkono wa kwanza. Ukigeuza kwenye unatoa, ugeuze na kwenye unapokea. Kila mahali unapokea. Umeshika?"

"Nimeshika," nikasema. Sikuwa nimeshika. Nilikuwa nikihesabu ni nani na nani wamenicheka.

Hata hivyo programu ikafanya kazi. Ijumaa mchana akina mama walimwambia Aunti kila mmoja anataka kujaza mitungi mingapi. Aunti hakuandika popote, aliibeba kichwani, akaja kukaa kwenye kitanda changu na kunitajia mmoja mmoja huku mimi nikiingiza. Programu ikapanga foleni. Tichee alinionyesha njia ya kutuma meseji nyingi kwa mpigo, kwa hiyo jioni mapema simu za Mashimoni zililia: Nafasi yako ni 6. Nafasi yako ni 14. Asubuhi Aunti aliangalia kioo cha laptopu na kunakili orodha kwa chaki kwenye mlango wa kioski, nafasi, jina na mitungi. Mtungi ukisukumwa haikuwa neno tena. Namba ilikuwa kwenye simu yako, na namba ilikuwa mlangoni.

Wiki nne hakukuwa na vita. Watu wakaanza kuniita Injinia. Mama wa chapati alikuwa akiniongezea moja juu. Niliacha kuificha laptopu kwenye mfuko wa unga, nikaibeba kwapani kila mtu aione, na kama kuna mtu hakuiona nilipita tena. Nayaandika haya kwa aibu, lakini niliyafanya. Aunti alikuwa akiwaambia wateja, "Huyu ni wangu," na mimi nilijifanya sisikii ili arudie.

Ijumaa ya wiki ya tano alikuja na ombi. Jumatatu yake nilikuwa naenda kuonyesha programu ile Kabiro, mbele ya wageni ambao Tichee aliwaita kutoka ofisi moja. Walitaka kuchukua mtu mmoja tu wa kumfundisha kazi. Nilikuwa nawaza hilo peke yake.

"Hii orodha yako," Aunti akasema, "nataka mitungi ikuje mbele. Mimi nikiwa na bomba mkononi naangalia mitungi kwanza. Nafasi naiona, si wako hapo mbele yangu."

Ilikuwa kazi ndogo. Ningegusa ule mstari unaoonyesha orodha, basi. Lakini kichwa kilikuwa kimevimba wiki hiyo, nikataka kufanya kama wanavyofanya mafundi. Nikaenda kwenye fanksheni yenyewe, nikageuza kile inachorudisha: badala ya nafasi, koma, mitungi, nikaandika mitungi, koma, nafasi. Nikageuza na mahali orodha inapopokea. Nikamwonyesha Aunti. Akasema, "Eh, hapo sasa." Ilikuwa imefika saa ya kutuma meseji, nikatuma, nikaenda kunyoa nywele kwa ajili ya Jumatatu.

Jumamosi nilikuwa nakunywa chai niliposikia kelele. Nilijua ni za maji, kelele za maji zina sauti yake. Nilipofika kioski, akina mama ishirini na zaidi walikuwa wamejazana mlangoni, kila mmoja ameinua simu juu, na kila mmoja alikuwa wa mbele. Hakuna aliyekuwa amepewa nafasi kupita ya tano. Wanane kati yao walikuwa na meseji moja, neno kwa neno: Nafasi yako ni 2. Na mlangoni nyuma ya Aunti, kwa mwandiko wake wa chaki, orodha ilisema mengine kabisa.

"Umetuahidi wangapi hiyo namba mbili?" mmoja alikuwa akimuuliza. "Ama ni nani alikununulia soda ukafuta jina langu?"

Palikuwa na alama za kufutwa mlangoni, kweli. Aunti huandika, akikosea herufi anafuta kwa kiganja. Wiki nne hakuna aliyeziona alama hizo. Siku hiyo kila mtu aliziona.

Aunti hakupiga kelele. Alikuwa akiwaambia mmoja mmoja, "Lete simu nione," anasoma, anaangalia mitungi iliyo miguuni pa mtu huyo, kisha anaenda kwa mwingine. Lete simu nione. Alipofika kama wa sita au wa saba akanyamaza, akasimama tu. Nilidhani aibu imemfunga mdomo.

Katika kuvutana huko bomba lilikuwa linamwaga chini. Mtu alikuwa amelifungua na hakuna aliyekubali mwenzake aweke mtungi. Walipoanza kujaza, kwa kusukumana, maji yakakatika kabla nusu yao hawajapata. Kati ya waliokosa alikuwa dada mmoja mjamzito, miezi minane, mpangaji wa juu huko karibu na Kambi Muru. Alikuwa mmoja wa wale wanane. Alikuja kwa sababu meseji yangu ilimwambia atakuwa wa pili, atajaza na kurudi kupumzika. Yeye hakutukana mtu. Alichukua mitungi yake miwili, mitupu, akapanda nayo kilima polepole.

Mitungi miwili. Nafasi ya pili. Nikarudi chumbani, nikafungua laptopu, na haikunichukua hata dakika mbili. Orodha na meseji zilikuwa zinaita fanksheni ile ile. Orodha nilikuwa nimeigeuza. Meseji nilikuwa nimeisahau. Upande wa meseji bado ulikuwa unangoja nafasi mkono wa kushoto, na fanksheni ilikuwa inautilia mitungi. Kompyuta haikulalamika, namba ni namba. Ilikuwa imechukua hesabu ya mitungi ya kila mama na kumtumia kama nafasi yake.

Nikageuza maneno mawili. Nikajaribu. Ikakaa sawa. Kisha nikafunga laptopu na kukaa kitandani nikisikiliza Aunti akiingia chumbani kwake, upande wa pili wa bati. Alikaa. Hakuwasha redio. Ningeweza kugonga bati kwa kidole, tulikuwa tunaitana hivyo siku zote. Nilijiambia nitasema kesho, kukiwa kumetulia.

Kesho yake baada ya kanisa kikundi kilikutana pale kioski. Mwenyekiti alikuwa mama wa makaa, mtu mzito, mwenye haki zake. Aliwasikiliza wote. Wengine walisema ni Aunti, ana watu wake. Wengine, na walikuwa wachache lakini walikuwepo, walisema labda ni hiyo mashine. Mwenyekiti akaniita mbele.

"Injinia. Hii mashine yako inaweza kosea?"

Niliwaza Jumatatu. Niliwaza wale wageni, na Tichee, na benchi, na namna watu walivyocheka mpaka mbuzi wakalia. Niliwaza jina la Injinia likigeuka kuwa la mzaha mpaka niingie kaburini.

"Mashine haikosei," nikasema. "Inafanya tu vile imeambiwa."

"Na haya majina na mitungi, ni nani hukupatia?"

"Ni Aunti."

Katika maneno yale hamkuwa na hata moja la uongo. Nimeyapima mara nyingi nikitafuta pa kujificha, na kila nikipima naona uchafu zaidi. Mtu anayedanganya waziwazi angalau anaogopa kushikwa. Mimi nilichukua kweli mbili, nikazipanga vizuri, nikamfungia mtu ndani.

Aunti aliniangalia. Hakuwa na hasira usoni, na hakuwa na mshangao. Kisha akavua uzi shingoni, akauweka juu ya meza ya mwenyekiti, ufunguo ukagonga mbao. "Sawa," akasema. Akauliza kama kuna anayetaka aonyeshwe jinsi bomba linavyofungwa, kwa sababu lina ujanja wake, lazima ulisukume chini kwanza. Akamwonyesha mshika ufunguo mpya, taratibu, mara mbili.

Jioni hiyo aliniletea ugali na omena kama kawaida. Akaliona shati langu limetundikwa kwenye msumari, akalichukua, akaenda kulipiga pasi kwa pasi yake ya makaa. Alilirudisha limekunjwa, bado lina joto. "Kesho usichelewe," akasema.

Sikuchelewa. Nilisimama mbele ya wageni Kabiro nikaeleza yote, mitungi inayosimama badala ya watu, fanksheni inayorudisha majibu mawili kwa mpigo. Mmoja wao akauliza kama imewahi kuharibika. Tichee alikuwa ameegemea mlango, akiniangalia. Nikasema hapana, iko sawa tangu mwanzo. Walinichukua mimi. Tichee alinipa mkono, akaniambia, "Sasa buda, usitusahau," na mimi nilishindwa kumwangalia usoni, akadhani ni haya za furaha.

Jumamosi iliyofuata meseji zilitoka sawa, orodha ikatoka sawa, mshika ufunguo mpya akaita watu mmoja mmoja bila neno. "Si mnaona sasa," akina mama wakasema. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kule kurekebisha kwangu kimyakimya ndiko kulikomaliza kesi ya Aunti. Aliondoka yeye, mambo yakanyooka. Ushahidi gani mwingine ungetafutwa?

Nilianza kazi. Ni ofisi ya kawaida, tunajaribu programu za watu kabla hazijatoka, na mimi ndiye ninayesifiwa kwa kuona makosa ya wengine. Mshahara wa tatu nikahamia Kabiro, nikamwambia Aunti ni kwa sababu ya nauli. Hiyo ilikuwa kweli nyingine ya aina ile ile. Nilichokuwa nakimbia ni bati lile. Nilimtembelea mara chache, kila mara na sukari na unga, kila mara na haraka. Nilisikia amepata vibarua vya kufua nguo. Sikuuliza wapi.

Alhamisi moja asubuhi, miezi kumi na minne baada ya siku ile, nilikuwa nashuka ngazi za ploti ninayoishi nikamwona uani. Alikuwa ameinama juu ya karai, amekunja mikono ya sweta, anafua mablanketi ya jirani yangu wa chumba cha nne. Hakuwa ameniona. Alikuwa ametoka Kibera kwa miguu mapema hivyo kuja kufua nyumba ninayolala mimi, na hakuwahi kuniambia. Nikarudi juu. Nilirudi juu kwa vidole, kama mwizi, nikafunga mlango, nikakaa humo mpaka nikasikia ameenda upande wa kamba kuanika. Ndipo nikapita. Kazini siku nzima niliona mgongo wake tu.

Alhamisi iliyofuata nilishuka. Nikavuta ndoo nikaikalia mbele ya karai lake.

"Niaje wewe," akasema, bila kushtuka. "Huendi kazi?"

"Aunti, ile siku ya maji. Zile meseji. Ni mimi nilikosea."

Aliendelea kusugua. "Najua," akasema.

Nilifikiri hajanielewa. Nikaanza kumweleza fanksheni, kwamba inarudisha vitu viwili, kwamba nilivigeuza huku nikasahau huku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa uvumilivu ule ule aliomwonyesha nao mshika ufunguo mpya lile bomba.

"Hayo mengine sijui," akasema. "Lakini wote walikuwa wameambiwa mbili walikuwa na mitungi mbili. Wa tatu, tatu. Wa nne, nne. Mitungi ya watu si naijua? Nilisoma simu kama saba hivi nikaona. Inawaambia mitungi, inaita nafasi."

"Mbona hukusema?"

"Jumatatu ulikuwa unaenda mbele ya wale watu. Hiyo habari ingefika Kabiro kabla yako." Akainua pembe ya blanketi, akaiangalia, akairudisha majini. "Nikasema wacha nimpatie hiyo Jumatatu. Akishapata, atakuja aseme mwenyewe. Sasa Jumanne nikangoja. Jumatano nikangoja. Nilikuwa naweka chakula nangoja, unakula, unashukuru, unaenda kulala."

Nililia pale uani, mtu mzima, na jirani wa chumba cha nne alitoka mlangoni akaingia tena. Aunti hakunibembeleza. Aliniambia nishike upande wa pili wa blanketi, tukalikamua, yeye akizungusha huku na mimi kule.

"Nitakutafutia kitu, Aunti," nikasema. "Usifue tena. Mimi nina kazi sasa."

"Kufua sioni mbaya," akasema. "Lakini hapo kioski nikipita wananyamaza. Mwaka mzima wananyamaza. Umeniambia mimi, na mimi nilikuwa najua. Enda uambie wenye hawajui."

Jumamosi nilienda Mashimoni. Sikubeba laptopu. Mitungi ilikuwa imepangwa kutoka mlangoni pa kioski mpaka karibu na reli, vitambaa, rangi za kucha, vifuniko vya kijani, na akina mama walikuwa wamekaa kivulini wakingoja namba zao ziitwe. Mwenyekiti alikuwepo, juu ya gunia lake. Yule dada wa Kambi Muru alikuwepo, mtoto mgongoni, mtoto mkubwa tayari wa kutembea. Aunti naye alikuwepo, mbali kidogo na wengine, kwenye nafasi ya kumi na tisa, na mtungi mmoja.

Nilisimama pale pale aliposimama yeye siku ya kuvua ufunguo. Mtu akasema, "Injinia, umepotea." Wengine wakacheka vizuri, kwa kunikaribisha. Nikamwambia mwenyekiti nina neno, na akainua mkono wakanyamaza.

"Mama Mwenyekiti aliniuliza kama mashine inaweza kosea," nikasema. "Hizo meseji za mwaka jana niliandika mimi. Kosa lilikuwa langu, na nililijua siku hiyo hiyo, kabla hamjaketi hapa."

Mshika ufunguo mpya akafunga bomba, akilisukuma chini kwanza. Mwenyekiti akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Siku hiyo yote ulikuwa unajua? Akitoa ufunguo kwa shingo, ulikuwa unajua?"

"Ndio, Mama."

Yule dada mwenye mtoto akashusha macho. Wanawake wakaanza, mmoja mmoja, kugeuka kumtafuta Aunti kule nyuma. Yeye hakuwaangalia, wala hakuniangalia mimi. Foleni ilikuwa imesogea, akainama akausukuma mtungi wake mbele hatua moja.